Mlango wa Kina Ndahani

Saa mbili asubuhi rula ilisoma mita moja na nukta nne.
Nikaandika, kama ninavyoandika kila siku
tangu Idara ya Maji iliponipa baiskeli, kalamu
na mbao ya kipimo iliyochomekwa topeni.
Mwezi wa nne nilimwambia mhandisi: gati lenu fupi.
Akasema, ramani imetosha.
Ramani waliichora masika.

Leo ni Oktoba, leo ni uzinduzi.
Viti vya plastiki, turubai, spika inayokoroma,
utepe kati ya migunga miwili,
na upepo wetu wa Dodoma unautafuna utepe
kabla mkasi haujafika.
Boti imekuja na fuso kutoka Mtera,
buluu, bado inanuka rangi,
ubavuni: MALI YA KIJIJI CHA MAHWELO.

Afisa akakata. Tukapiga makofi.
Boti ikateremka juu ya saruji, krrr,
ikafika mwisho wa saruji,
na mwisho wa saruji
palikuwa na udongo uliopasuka kama kisigino.
Maji yako kule. Hatua mia mbili na kumi.
Nimezihesabu; ndiyo kazi yangu.

Hata spika ilinyamaza.
Kisha Mbeleje, muuza perege,
akajifunga khanga kiunoni:
"Kwani imeota mizizi? Bebeni!"

Wakabeba, vijana kumi na wanne,
nasi nyuma yao kama watu wa msiba
waliosahau kulia.

Pale wanapokanyaga si ufukoni.
Ni Mahwelo ya kwanza.
Walilijenga tuta kwa karai na kichwa,
ujira kibaba cha unga kwa siku,
na tuta lilipokamilika
likawahamisha waliolijenga.
Daftari langu linaanzia kwenye maji.
Yaliyokuwapo kabla ya maji
hayana safu.

"Simameni!"
Sechelela Ndahani, viatu mkononi, amekasirika.
"Mnapita ukutani. Mlango uko huku."

Ukuta gani? Mstari tu wa udongo mwekundu,
jiwe la kusagia limelala kifudifudi,
kigae cha chungu, magamba ya konokono.
Afisa alitazama saa yake.
Vijana walitazamana chini ya boti,
jasho likiwaingia machoni.
Kisha wakageuka, taratibu,
kama unavyomgeuza ng'ombe kwenye njia nyembamba,
wakarudi hatua sita,
wakainama, maana milango ya tembe ni mifupi,
na Malogo aliyekuwa mbele akasema, "Hodi."

Hakuna aliyecheka.

"Karibuni," Sechelela akasema. "Hapo ni mafiga.
Hapo ndama. Huku bibi na kikohozi chake.
Mimi nililala hapa, karibu na ghala la uwele,
nikisikia panya wakila kabla yetu."
Akanyamaza kidogo.
Boti ilikuwa nzito, nayo ikanyamaza.
"Haya, tokeni. Hapana, si huko!
Nyumba hii haina mlango wa pili.
Tokeni mlikoingilia."

Hatua zikawa mia mbili na sitini na tatu.

Saa saba na dakika kumi boti iligusa maji,
ikayumba, ikatulia.
Hotuba haikumaliziwa; karatasi yake
ilionekana mara ya mwisho ikielekea Bahi.
Mbeleje alipanda wa kwanza, na ndoo zake.

Jioni nilirudi kwenye rula. Mita moja na nukta nne.
Bwawa halikujua kama limezinduliwa.
Katika safu ya Maelezo,
ambako miaka yote huandika "shwari"
au "hakuna mvua",
niliandika: Mlango wa kina Ndahani
unatazama zizi.

Masika maji yatarudi, yatapanda mita tatu,
na boti itapita juu ya paa lisilokuwapo.
Nimewaonyesha vijana alama.
Ukiona mgunga wa kushoto
umeufunika mnara wa simu,
hapo ndipo mlangoni.
Inua kasia.